Dole Gumba kwenye Puti

Nilimkuta mdogo wangu anakata kioo huku anapiga soga. Nilisimama mlangoni mwa karakana, begi begani, nikasahau hata kubisha hodi. Kioo na soga, vitu hivyo viwili sikuwahi kuviona kwake.

Alikuwa ameinama juu ya meza ndefu iliyotandikwa blanketi la kijivu. Mkono mmoja umebana rula, mwingine unavuta kile kikalamu chenye ncha ya almasi, kimechovywa kwenye mafuta ya taa. Kilipita juu ya kioo kwa sauti ndogo, kama kitambaa kinachochanwa chumba cha pili. Na mdomo nao haukupumzika: alikuwa anawasimulia wenzake habari za mteja aliyekuja kupimiwa dirisha, wakafika kwake, wakakuta upande anaoutaka dirisha bado hajajenga ukuta. "Akaniambia, fundi, wewe weka tu, ukuta utalikuta." Watu wakaangua kicheko. Yeye akagonga kioo kwa chini mara mbili, akakinyanyua, kikaachana vipande viwili sawasawa. Hakukitazama. Macho yake yalikuwa kwa wanaocheka.

Ndipo akaniona. Akaviweka vipande chini, kimoja kimoja, akafuta mikono.

"Kaka," akasema.

Ilikuwa imepita miaka kumi na tisa. Mimi ni mtu wa njia. Nimepiga lipu, nimechimba visima, nimelinda maghala ya watu, na kila mahali nilipoanza kuzoeleka nyayo zikaanza kuniwasha. Habari zake nilizipata kwa dereva mmoja wa lori aliyeniambia kuna mji fulani una fundi vioo, "mmefanana kama mmetotolewa yai moja, ila mwenzako ametulia." Nikadhani amekosea mtu. Ndugu yangu niliyemjua asingeweza kukaa chumba kimoja na kioo.

Nyumbani kwetu hakuitwa jina lake. Aliitwa Vunjavunja. Chai yake iliwekwa kwenye kikombe cha bati mpaka ndevu zikamwota. Ukipita na sahani, dada anakwambia pitia huku, Vunjavunja yupo hapo. Wageni wakija, mama anatutambulisha: huyu mkubwa, huyu binti yangu, na huyu ndiye Vunjavunja, sogezeni glasi zenu. Wageni wanacheka, na yeye anacheka nao, kichwa amekiinamisha upande, mabega yamepanda hadi masikioni. Na kweli alikuwa anavunja, hilo silifichi. Mpe glasi, mtazame ikiwa mkononi mwake, haichukui muda utasikia sauti yake sakafuni. Maneno nayo vilevile. Alianza sentensi, mmoja wetu akammalizia, kwa wema kabisa, tusimchoshe. Mwishowe akawa haanzi.

Sasa pale karakana wanamwita Mtulivu.

Alinipokea chumbani kwake, nyuma ya karakana hiyohiyo. Chumba kisafi, kitanda, meza, na ukutani picha ya baba yetu kwenye fremu. Aliichukua nyumbani mama alipofariki. Kioo cha picha alikikata mwenyewe, na pembeni chini, mkono wa kushoto, kwenye puti, ule udongo laini wa kushikizia kioo, kulikuwa na alama ya dole gumba lake. Akaniambia kila kioo anachokiweka hukiachia alama hiyo, pembe hiyohiyo, puti ikiwa bado mbichi. "Ili nikipita siku nyingine nijue kwamba nilifika hapa na kiko salama."

Nikamuuliza ilikuwaje. Akaniambia alipotoka nyumbani alipata kibarua cha kufagia karakana moja, mji wa mbali. Siku ya tatu fundi akamwita, shika huku. Akampa kioo kizima. "Nikasubiri mtu aseme asipewe huyo," aliniambia. "Nikawatazama wote. Hakuna aliyesema, kaka. Kila mtu alikuwa na shughuli zake. Basi nikakibeba, nikakifikisha."

Alilisema jambo hilo kama mtu anayesimulia siku aliyopona.

Mwenye karakana alikuwa mama mmoja mjane, mtu mzima, hana mtoto, sote tulimwita Mama. Alikuwa na mafundi watano, ndugu yangu ndiye mkubwa wao. Aliyemfuatia ni Ndevu, ambaye jina lake lilitosha kumweleza. Kubeba kioo kikubwa ni kazi ya watu wanne, na anayetangulia ndiye anayehesabu: moja, mbili, ngazi, geuka, pumua. Wa nyuma hawatazami njia. Wanatazama kingo na wanakwenda kwa sauti ya yule wa mbele. Miaka kumi na moja sauti hiyo ilikuwa ya mdogo wangu.

Siku tisa mbele kulikuwa na kioo cha hospitali. Kilikuwa cha wodi ya watoto wachanga, kile ambacho baba husimama nje yake akaonyeshwa mwanawe. Kiliagizwa kutoka mbali, kikachukua miezi kufika, na sasa kilisimama kwenye kichanja chake mwisho wa karakana, kirefu kuliko mtu, kimefunikwa shuka. Mama alikuwa ameshatamka mbele ya wote: kioo kile kikikaa mahali pake, funguo za karakana anamkabidhi Mtulivu, yeye aende akapumzishe magoti. Nilimwona mdogo wangu akipita karibu na kichanja mara kwa mara, akirekebisha shuka ambalo halikuwa na tatizo lolote.

Mle ndani walikuwa na mwiko wao. Neno la kuvunjika halitamkwi. Kioo kikipatwa na la kupatwa wanasema kimelala. "Kimelala kimoja, lete ufagio." Wanafagia, basi, hakuna aliyesutwa wala kuulizwa. Mdogo wangu ndiye aliyenieleza mwiko huo, siku ya kwanza, na alipomaliza akaendelea kunitazama kidogo zaidi ya ilivyohitajika. Nikaitikia, nimekusikia. Sikuwa nimesikia kitu.

Siku ya tatu, saa nne asubuhi, tulikuwa tunakunywa chai nje, chini ya bati la mbele. Mgeni asiye na kazi analipia chai yake kwa hadithi. Ndivyo nilivyoishi maisha yangu yote. Nikawasimulia za visima, wakacheka. Nikawasimulia za ghala na mlinzi aliyejifungia ndani, wakacheka zaidi. Mdogo wangu naye alicheka, na Ndevu akampiga begani akasema, "Mtulivu, kumbe ukoo wenu una watu."

Nikavimba kichwa. Nikataka kumsifu. Nilitaka waone mtu huyu alikotoka, wajue ni safari ndefu kiasi gani. Naapa nilitaka kumsifu.

"Huyu mnayemwita Mtulivu," nikasema, "nyumbani alikuwa Vunjavunja."

Nikamwaga yote. Kikombe cha bati. Wageni na glasi zao. Nikamwigiza anavyobeba sinia, mabega juu, vidole vikitetemeka, na mimi ni mwigizaji mzuri, miaka mingi ya kulipia chai. Nikamalizia kwa chanzo cha jina: ana miaka sita, baba ameshatutoka, akaiangusha picha yake pekee, kioo kikaenea nyumba nzima. Mmoja alipaliwa na chai. Mama mwenyewe alijifuta machozi kwa upindo wa nguo. "Na sisi tumemwachia vioo vyote," akasema, na wakacheka tena.

Mdogo wangu alikuwa anacheka pamoja nao. Kichwa amekiinamisha upande.

Kile kicheko nilikijua.

Hapa lazima niseme ukweli ambao nilikuwa nimeutia chumvi miaka mingi mpaka nikaanza kuuamini uongo wangu. Picha ile niliivunja mimi. Nilikuwa na miaka kumi na sita, ndevu za kwanza, na kioo cha picha ya baba ndicho kioo pekee cha kujitazama tulichokuwa nacho. Niliitoa ukutani nichane nywele. Ikaniponyoka. Mdogo wangu alikuwa chini ya meza, anapanga vizibo vya chupa. Mama akaingia mbio, akauliza nani. Sikusema ni yeye. Sikusema kitu. Nilimtazama tu pale chini, na mama akayafuata macho yangu. Jioni shangazi aliposikia, akacheka kuondoa uchungu, akamwita Vunjavunja. Jirani akalidaka. Kufika mwisho wa wiki lilikuwa ndilo jina lake.

Kesho yake asubuhi pale karakana hakukuwa na aliyefanya ubaya wowote. Hilo ndilo linalonikata maini mpaka leo. Walikuwa watu wema. Mdogo wangu na Ndevu walibeba kioo cha kabati kwenda mezani, kitu walichofanya mara elfu, na Ndevu akasema, "Polepole." Hakuwahi kumwambia polepole. Nilimwona mdogo wangu akilisikia neno lile. Lilimwingia kama mwiba wa samaki. Mchana nikakuta Mama ameongeza blanketi la pili juu ya meza. Fundi mmoja akaita kwa utani kutoka upande wa pili, "Vunja, nirushie rula," kisha akajiziba mdomo, maana neno lenyewe lilikuwa mwiko, na kule kujiziba mdomo kukawafanya wote wamgeukie.

Akaanza kuvitazama vioo. Alipokuwa anakata alikuwa anaangalia vidole vyake, kama mtu anayeshuka ngazi huku anafikiria kila mguu. Hadithi zikakoma. Nilimsikia akianza, "Yule mteja wa..." akaishia hapo, na Ndevu, kwa wema, akammalizia.

Siku ya sita kililala cha kwanza. Kilikuwa kidogo, cha ukubwa wa daftari. Hakuna aliyesema lolote, walifuata mwiko wao barabara, lakini walitazamana. Siku ya saba kililala cha pili, nusu ya mlango. Mdogo wangu akabaki amesimama na mikono wazi, mabega masikioni, na nikamwona ana miaka sita.

Sikuweza kuvumilia. Kesho yake wakati wa chai yeye alikwenda kuchanganya puti, nikapiga moyo konde, nikawaambia mafundi na Mama mambo yote kama yalivyokuwa. Kwamba mimi ndiye niliyeivunja picha. Kwamba jina ni la uongo tangu mwanzo, na mtoto yule hakuwa amegusa kitu. Niliongea mpaka sauti ikanikauka.

Ndevu alikuwa anazungusha kikombe chake.

"Sasa mzee wangu," akasema, bila ukali, "unatuambia ili tufanyeje? Picha yenu mimi sikuiona. Nimeviona viwili vya juzi na jana."

Alikuwa amesema kweli. Uongo wangu ulikuwa umeshapata ushahidi.

Mama alisema tu kwamba kila familia ina yake, akainuka.

Jioni ya siku ya nane, kazi zimekwisha, walikuwa wanapanga safari ya hospitali. Mikanda ya kubebea imetandazwa sakafuni. Mdogo wangu alikuwa amekaa kwenye boksi la mbao. Akasema, bila kuinua kichwa:

"Mama, labda kesho atangulie Ndevu."

Nilimwelewa. Nilimwelewa kwa sababu nimemlea. Lile "labda" alikuwa ameliweka pale kama mtu anayeweka kiti, akingoja mtu aje akiondoe. Alitaka Mama aseme acha upuuzi, miaka kumi na moja, nani mwingine atatuhesabia? Ingetosha hata kama angecheka.

"Sawa, mwanangu," Mama akasema. "Pumzika kidogo."

Alijibu upesi mno. Mdomo wake ulikuwa umeshalitayarisha jibu kabla ya swali. Nadhani hata yeye alisikia, maana alibaki anakunja kitambaa kilichokuwa kimekunjwa tayari.

Kioo kilifika hospitali salama. Ndevu alihesabu vizuri, hakuna alichokosea. Mdogo wangu alibaki karakana, na mimi nilibaki naye. Alisafisha meza. Alipanga rula kwa urefu wake. Gari liliporudi, tukasikia vicheko vya watu waliofanikiwa, kisha vicheko vikapunguzwa walipokaribia mlango, kama watu wanaoingia chumba cha mgonjwa. Mama alimwambia mambo ya funguo yasubiri kidogo, hakuna haraka. Yeye akamshukuru.

Siku iliyofuata, mchana, nilimkuta chumbani anafunga sanduku. Kikalamu chake cha almasi alikuwa ameshakifunga kwenye kitambaa. Nikamwambia asiondoke, niondoke mimi, mimi ndiye niliyeleta balaa. Akasema nikiondoka mimi jina litabaki.

Nikapiga magoti, mtu mzima na mvi zangu. Nikamwambia kuhusu picha. Nikamwambia kwamba siku ile chini ya meza...

"Najua, kaka."

"Unajua nini?"

"Nilikuona. Ulikuwa unachana nywele. Ulikuwa unaimba."

Miaka arobaini nilidhani nimeibeba siri ile peke yangu.

"Sasa mbona hukusema? Mbona ulikubali?"

Aliwaza. Alikuwa hajawahi kuulizwa, nadhani, na alitaka kunijibu vizuri.

"Nilisema moyoni," akasema. "Kila siku nilikuwa nasema moyoni si mimi, si mimi. Lakini mimi nilikuwa mmoja, kaka. Ninyi mlikuwa wengi. Mkinitazama, na mimi najitazama kwa macho yenu. Baadaye hata nikiwa peke yangu nikawa najitazama hivyohivyo." Akafunga mkanda wa sanduku. "Ilinichukua miaka ishirini kulipata jicho lingine. Nililipata kwa watu wasionijua. Na huku nako sasa wananijua."

Kisha akainua mikono kuitoa picha ya baba ukutani.

Na mimi, Mungu anisamehe, niliyekuwa nimepiga magoti pale na machozi yakinitoka, mkono wangu ukanyanyuka wenyewe. Ukaenda chini ya fremu, kiganja juu, kuidaka.

Aliuona. Alisimama na picha hewani, anautazama mkono wangu, nami nautazama. Nikaurudisha. Ulikuwa umechelewa.

Hakukasirika. Aliiviringisha picha kwenye shati, akaiweka juu ya nguo, akafunga sanduku.

"Kaka," akasema, "wewe una kipaji cha kumpata mtu popote alipo. Nakuomba kitu kimoja. Usinitafute."

Nikamwahidi. Alinikumbatia, kwa nguvu, harufu ya mafuta ya taa, akatoka. Pale mlangoni mwa karakana Mama alikuwa amesimama na bahasha ya ujira wake. Akaipokea kwa mikono miwili. Ndevu alitaka kumsaidia sanduku, akanyoosha mkono, kisha akauacha uanguke. Alikwenda mwenyewe, akivuka barabara, sanduku amelikumbatia kifuani.

Tangu siku hiyo sijamuuliza dereva yeyote. Mtu akianza kuniambia kuna mahali wameona mtu kama mimi, nabadilisha mazungumzo. Ila macho siwezi kuyazuia. Kila mji ninaoingia natazama madirisha, pembe ya chini, mkono wa kushoto. Miaka minne sikuona kitu.

Mwaka jana nilikuwa napita mtaa mmoja wenye shule mpya, rangi bado inanuka. Nikainama dirishani, kwa mazoea tu. Dole gumba lilikuwa pale. Puti ilikuwa bado inang'aa kwa ubichi. Nikaangalia dirisha la pili, la tatu, mpaka la kumi na mbili. Vioo vilikuwa safi, vimekaa mahali pake kama vimezaliwa humo.

Dirisha la mwisho, la kumi na tatu, lilikuwa bado tupu, na ndani niliisikia sauti yake.

"...wewe weka tu, ukuta utalikuta!"

Wakacheka, watu watatu au wanne. Naye akacheka, kicheko kikubwa cha mtu aliyeinua kichwa.

Nilisimama ukutani, kiganja kwenye tofali. Hatua mbili tu ningemwona uso. Kulikuwa na mama mmoja anafagia uani, akaacha kazi akaniangalia, akaangalia kule ndani, akaniangalia tena.

"Baba, unamtafuta fundi?" akaniuliza. "Maana mmefanana sana. Ndugu yako?"

"Hapana," nikasema. "Mimi ni mpita njia."

Nikaweka begi begani. Njia fupi ya kufika barabarani ilipita mbele ya dirisha lile tupu, kwa hiyo nikazunguka shule nzima, kupitia kwenye majani, kimya kimya, nisije nikamfanya ageuke akiwa na kioo mkononi.